Je, Wajua? Kompyuta Iliyoitwa Chungu, na Mambo Mengine ya Mashine za Stockholm

Ukishuka kwenye treni ya chini ya ardhi katika kituo cha Tekniska högskolan, jijini Stockholm, unatokea mbele ya majengo ya matofali mekundu ya KTH, Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia. Ndani ya kampasi hiyo kuna kituo kinachoitwa PDC. Hapo zimepangwa kabati za kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana, zikiigiza mwendo wa atomi, msukosuko wa upepo kwenye bawa la ndege, au namna dawa inavyojipenyeza kwenye protini. Kazi hiyo wanasayansi huiita uigaji, na mashine yenyewe huiita klasta, yaani kompyuta nyingi zilizofungwa pamoja zikafanya kazi kama moja.

Mtu akisikia habari hizi hufikiria kasi tu. Tumekusanya mambo ambayo huenda hukuyajua, na mengi yanahusu foleni, kugawana na kuweka akiba.

1. Wakubwa walikataa konyaki, wakapitisha kitu kichungu

Je, wajua kwamba kompyuta ya kwanza ya kielektroniki ya Uswidi ilipewa jina la utani, na wakubwa hawakushtuka? Ilijengwa Stockholm na bodi ya serikali ya mashine za hesabu, Matematikmaskinnämnden, chini ya mhandisi Conny Palm. Miaka michache kabla, mwaka 1950, bodi hiyo ilikuwa imewasha BARK, mashine iliyotumia swichi za simu. Hii mpya ilitumia valvu za kioo kama zile za redio za zamani, na vijana waliotaka kumtania bosi wao wakapendekeza iitwe CONIAC, mashine ya Conny ya kukokotoa. Litamke haraka, utasikia konyaki.

Wakubwa wakakataa. Wajenzi wakarudi na jina lenye heshima zake: Binär Elektronisk Sekvenskalkylator, kwa kifupi BESK. Likapita. Kumbe kwa Kiswidi neno besk maana yake ni chungu, na ndilo jina la pombe kali ya kienyeji iliyotiwa mitishamba. Palm mwenyewe hakuiona ikizinduliwa. Alifariki Desemba 1951, na uzinduzi rasmi ukafanyika tarehe 1 Aprili 1954, siku ya wajinga.

2. Bingwa wa dunia aliyezirai kila dakika 5

Kwa muda mfupi BESK ilikuwa kompyuta yenye kasi kuliko zote duniani. Ilijumlisha namba mbili kwa mikrosekunde 56, yaani karibu mara 18,000 kwa sekunde. Ilikuwa na valvu zipatazo 2,400, na kumbukumbu yake ilibeba maneno 512 tu ya tarakimu 40 za sifuri na moja.

Ila mwanzoni iliharibika, kwa wastani, kila baada ya dakika 5. Hebu fikiria hesabu ya saa nzima kwenye mashine inayozirai kila dakika 5! Wahandisi hawakusubiri mashine ipone. Waliweka vituo ndani ya programu zao ili ikianguka waanzie pale ilipofika, wasirudi mwanzo. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia mwishoni.

3. Kumbukumbu iliyofumwa kwa mikono

Je, wajua kwamba kumbukumbu ya kompyuta iliwahi kufumwa kama mkeka? Mwaka 1956 BESK iliwekewa kumbukumbu mpya ya vipete vidogo vya sumaku, kila kimoja kimepitishwa nyaya nyembamba. Kazi hiyo haikupewa mafundi wa umeme. Waliajiriwa kina mama wa nyumbani waliozoea kufuma. Mwanamke wa Pemba au Tumbatu anayesuka ukili huku akihesabu miyaa angeielewa kazi ile bila mkalimani: ukikosea mshono mmoja, mchoro wote unakwenda upande.

4. Utabiri wa hewa wa kwanza kuwahi mvua

Kabla ya miaka ya 1950 wataalamu walijua milinganyo ya hewa, lakini kuikokotoa kulichukua muda mrefu kuliko hali ya hewa yenyewe. Ukimaliza hesabu ya kesho, kesho imeshapita. Carl-Gustaf Rossby, mzaliwa wa Stockholm aliyepata umaarufu Marekani kisha akarudi nyumbani, aliiona BESK kama jibu. Mwaka 1954 kundi lake, pamoja na idara ya hali ya hewa ya jeshi la anga la Uswidi, likawa la kwanza duniani kutoa utabiri wa kompyuta kwa wakati, kwa matumizi ya kazi halisi.

Katika kundi hilo alikuwamo kijana Bert Bolin. Mwaka 1988 Bolin akawa mwenyekiti wa kwanza wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, lililoundwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na UNEP, shirika lenye makao yake Nairobi.

5. Mchana barabara, usiku siri

BESK haikuwa ya mtu mmoja. Ilikokotoa mabawa ya ndege za Saab, takwimu za simu na ramani za barabara. Usiku walikuja watu wa ujasusi wa redio, wakaitumia kuvunja maandishi ya siri. Mwaka 1957 mwanahisabati Hans Riesel aliibua kwayo namba tasa yenye tarakimu 969, kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati huo. Kisha tarehe 9 Novemba 1961 televisheni ya Uswidi ikaonyesha filamu fupi iliyotengenezwa na mashine hiyohiyo: gari likisafiri kwenye barabara ambayo ilikuwa bado haijajengwa. Ilidumu sekunde 49.

Mashine moja, wenye shida wengi, kila mmoja na zamu yake. Utaratibu huo ndio unaoendesha klasta hadi leo.

6. Sekunde moja, miaka 14,000

Mashine kubwa ya PDC ya sasa inaitwa Dardel. Nodi zake za kawaida, yaani kompyuta moja moja zilizomo ndani ya klasta, zina viini 128 vya kukokotoa kila moja. Nodi nyingine zina kadi nne nne za AMD, ndugu wa zile kadi za michoro zinazotumiwa na wacheza gemu. Sehemu hiyo ya kadi ilipopimwa mwaka 2022 ilifikia petaflopu 8 na ushei, yaani hesabu zaidi ya trilioni 8,000 kwa sekunde. Hesabu ambazo sehemu hiyo inazimaliza kwa sekunde moja, BESK ingezifanya kwa zaidi ya miaka 14,000, tena bila kuharibika hata mara moja.

Mwezi Novemba mwaka huohuo Dardel ilishika nafasi ya 5 duniani katika orodha ya Green500, inayopanga kompyuta kuu kwa hesabu zinazofanyika kwa kila wati ya umeme.

7. Washairi ndani ya kabati

Je, wajua kwamba PDC huzipa mashine zake majina ya wasanii? Ilikuwapo Bellman, jina la mtunzi wa nyimbo wa karne ya 18. Ikaja Strindberg, mwandishi wa tamthilia. Baadaye Lindgren, kwa heshima ya Astrid Lindgren aliyewaandikia watoto vitabu vya Pippi, kisha Beskow, kwa jina la Elsa Beskow, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto. Dardel inawakumbuka mwandishi Thora Dardel na mumewe wa kwanza, mchoraji Nils Dardel, ambaye mchoro wake mashuhuri wa mwaka 1918, ule wa mtanashati anayekata roho, umetundikwa katika jumba la Moderna Museet. Hata hifadhi ya mafaili ina jina, Klemming, kama yule aliyekuwa mkuu wa Maktaba ya Kifalme katika karne ya 19.

Kwetu ingekuwa kama mwanafunzi wa Dar es Salaam kusema, "Kazi yangu iko Shaaban Robert, lakini Siti binti Saad leo yuko matengenezo."

8. Mbwa, mifupa yake, na mlinzi wa daraja

Kuingia kwenye klasta kunahitaji kitambulisho, na kwa miongo mingi PDC imetumia mfumo uitwao Kerberos, jina la mbwa wa vichwa vitatu aliyelinda lango la kuzimu katika hadithi za Wagiriki. Mfumo huo hukupa tiketi. Unaonyesha nywila yako mara moja, unapewa tiketi yenye muda wake, na humo ndani unaonyesha tiketi tu.

Kerberos ilitoka chuo cha MIT, Marekani, na sheria za nchi hiyo wakati ule zilizuia kupeleka nje programu za kuficha siri. Kwa hiyo likatolewa toleo lililoondolewa sehemu ya usimbaji, likaitwa Bones, mifupa: nyama imebaki Marekani. Wengine nje ya Marekani wakairudishia nyama mifupa hiyo. Katika miaka ya 1990 vijana wa KTH wakaamua kuandika Kerberos yao wenyewe kuanzia mwanzo, wakaiita Heimdal, mungu wa hadithi za Skandinavia anayelinda daraja la upinde wa mvua. Programu hiyo ya Stockholm ikaenea dunia nzima, hadi ndani ya kompyuta za Apple. Huenda umewahi kuitumia bila kujua.

9. Ukumbini si jikoni

Mgeni akishaingia kwenye klasta hujikuta kwenye nodi ya kuingilia. Hapo ni ukumbini: unaandika, unapanga mafaili, unatuma kazi. Mapishi yenyewe yako jikoni, kwenye nodi za kukokotoa. Mwanafunzi anayewasha uigaji mzito ukumbini huwakwamisha wenzake wote walioingia, na haipiti muda kabla msimamizi hajaizima kazi hiyo na kumwandikia barua pepe ya upole wenye makali.

Kuna mtego mwingine. Programu nyingi za sayansi hujengwa kutoka msimbo chanzo hapohapo kwenye klasta, na wakati wa kujengwa huichunguza prosesa iliyopo ili zitumie amri zake za kasi zaidi. Ikiwa umejenga kwenye prosesa ya aina moja na kuendesha kwenye ya aina nyingine, programu inaweza kufa papo hapo ikilalamika kwamba imepewa amri isiyo halali. Ni kama fundi cherehani aliyempima kaka, kisha suti akaivaa mdogo mtu.

10. Mafundi huweka matoleo yote rafuni

Je, wajua kwamba klasta moja inaweza kuwa na matoleo kadhaa ya programu ileile, yote yamesakinishwa, wala hayagombani? Siri ni moduli. Unapoandika amri ya kupakia moduli fulani, mazingira yako yanaelekezwa kwenye toleo hilo tu. Jirani yako anatumia la mwaka juzi bila kujua habari zako. Sababu yake ni ya kisayansi. Utafiti ulioanza na toleo moja haufai kumalizikia kwenye jingine katikati ya safari.

Mafundi wa vituo hawasakinishi kila kitu kwa mkono. Wana zana kama EasyBuild, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji, na Spack ya maabara ya Lawrence Livermore, Marekani. Zana hizi hufuata kanuni kama za mapishi: kwanza kikompaili gani, kisha maktaba ipi, kwa mpangilio upi. Katika viungo hivyo karibu kila mara utakuta FFTW, maktaba ya hesabu za mawimbi. Herufi zake zinajigamba kwamba ndiyo yenye kasi kuliko zote upande wa magharibi, kwa mtindo wa filamu za kauboi.

11. Programu iliyohama Uholanzi

Ukisikia watu wa Stockholm wanazungumzia uigaji wa protini, jina litakalotajwa mapema ni GROMACS. Ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, na sehemu ya kwanza ya jina inaukumbuka mji huo. Watafiti wa huko walitaka kujenga mashine maalumu ya kuigiza molekuli. Mashine ikapitwa na wakati, programu ikabaki. Baadaye uendelezaji wake ukahamia Uswidi, Uppsala na Stockholm, kwa watu kama David van der Spoel, Berk Hess na Erik Lindahl.

Ni programu huria: yeyote anaweza kuipakua, kuisoma na kuirekebisha bila kulipa. Mradi wa Folding@home, unaoomba watu waazime nguvu za kompyuta zao za nyumbani, ulitumia injini yake. Mwezi Machi 2020, wakati wa korona, watu wengi mno walijitolea hata mradi ukapita eksaflopu moja, kiwango ambacho wakati huo hakuna kompyuta kuu yoyote katika orodha ya Top500 iliyokuwa imekifikia.

12. Haba na haba

Ndani ya uigaji wa molekuli, saa hutembea kwa hatua ndogo mno. Hatua ya kawaida ni femtosekunde 2. Femtosekunde kwa sekunde ni kama sekunde kwa miaka milioni 31 na zaidi. Ili kuigiza mikrosekunde moja ya maisha ya protini, kompyuta hupiga hatua milioni 500, na katika kila hatua hukokotoa nguvu zinazoisukuma kila atomi. Kazi yako ikienda mikrosekunde moja kwa siku, ambayo ni mwendo mzuri, sekunde moja kamili itakuchukua miaka zaidi ya 2,700.

Tumetoka mbali, hata hivyo. Uigaji wa kwanza wa protini, uliochapishwa mwaka 1977, haukufika pikosekunde 10. Mmoja wa waandishi wake, Martin Karplus, alitajwa Stockholm mwaka 2013 kama mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Michael Levitt na Arieh Warshel.

13. Nguvu nyingi zinakwenda kwenye maji

Mtafiti husema anaigiza protini, lakini ukihesabu atomi utakuta kwa kawaida zilizo nyingi ni za maji yanayoizunguka. Protini huishi majini, na ukiitoa humo tabia yake inabadilika. Kwa hiyo waandishi wa programu hizi walibuni mbinu maalumu ya kuishughulikia molekuli ya maji peke yake, kwa kuwa huihesabu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mashine ya mamilioni hutumia muda wake mwingi kufikiria maji.

14. Foleni yenye jina la soda ya katuni

Huwezi kuamuru klasta ianze kazi yako sasa hivi. Unaandika karatasi ya maombi: nodi ngapi, saa ngapi, mradi gani wa kulipia. Watafiti wa vyuo vya Uswidi hawalipi fedha. Tangu mwaka 2023 shirika la kitaifa liitwalo NAISS ndilo linalowagawia saa za viini. Nodi moja ya viini 128 ikifanya kazi siku nzima, umetumia saa 3,072.

Anayepanga foleni ni programu iitwayo Slurm. Wenyewe walilifupisha kutoka maneno ya kiutawala, lakini jina lilitokana na kinywaji cha katuni ya Futurama. Tumeshaona konyaki iliyokataliwa na pombe chungu. Sasa ongeza soda.

Slurm ina ujanja mmoja unaofaa kuujua. Kazi kubwa ikiwa inangoja nodi zikusanyike, nafasi ndogo hubaki wazi. Kazi fupi zinazoweza kuisha kabla ya kubwa kuanza hupenyezwa humo, kama bodaboda kwenye msongamano wa Ubungo. Ndiyo maana anayetaja muda wake kwa ukweli hupita mapema, na anayejitajia siku nzima kwa kazi ya saa mbili hukaa akitazama wenzake wakipita. Lakini ukitaja muda mfupi kuliko kazi inavyohitaji, saa ikifika unakatwa bila huruma.

15. Manahodha wengi

Wahenga wetu walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na wahandisi wa kompyuta wana kanuni inayokaribiana nayo. Gene Amdahl aliieleza mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka. Ikiwa asilimia 5 ya programu yako lazima ifanywe na kiini kimoja, hata uombe nodi 1,000 hutapita kasi mara 20. Zaidi ya hapo, viini lazima viambizane kila hatua, na maneno huchukua muda. Kwa uigaji mdogo, kuongeza nodi kunaweza hata kuipunguzia kazi kasi. Mtafiti mwenye busara hujaribu kwanza nodi moja, mbili, nne, akatazama faida inapoishia, ndipo akaomba.

16. Swali moja, njia mbili

Je, wajua kwamba ukiendesha uigaji uleule mara mbili kwenye klasta ileile, njia za atomi zinaweza kutofautiana kabisa? Kompyuta hukata namba zake kwenye tarakimu fulani, kwa hiyo mpangilio wa kujumlisha hubadilisha tarakimu ya mwisho. Viini vikigawana kazi kwa mpangilio tofauti, tofauti hiyo ndogo hukua hatua kwa hatua.

Edward Lorenz aliligundua jambo hili mwaka 1961 alipotaka kurudia hesabu ya hali ya hewa kuanzia katikati. Aliingiza 0.506 kutoka kwenye karatasi, wakati mashine ilikuwa na 0.506127. Hewa yake ikaenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Crafoord na Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Uswidi. Kwa sababu hiyo wanasayansi wa molekuli hawaiamini njia moja ya atomi. Huamini wastani wa njia nyingi.

17. Hesabu zinazopasha moto chumba

Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka kama joto. Dar es Salaam hilo ni adui, na bili ya viyoyozi ndiyo ushahidi. Stockholm, ambako baridi hubana kwa miezi, waliona mali. Joto lililotoka kwenye mashine ya Lindgren lilinaswa, likapelekwa kupasha jengo la Kemia hapohapo kampasi ya KTH. Inawezekana mwanakemia alikaa ofisini bila koti, akipashwa joto na hesabu zake mwenyewe.

18. Kabati za Texas, kahawa ya Eldoret

Afrika Mashariki nayo imo. Kompyuta kuu ya Ranger, huko Texas, ilipostaafu mwaka 2013, kabati zake hazikutupwa zote; nyingine zilisafirishwa hadi Afrika Kusini, Botswana na Tanzania ili kuanzisha klasta za vyuo. Mwaka mmoja kabla, 2012, Eldoret ilikuwa mwenyeji wa ASESMA, shule ya Kiafrika ya kukokotoa tabia za elektroni katika maada. Mojawapo ya programu kuu zinazotumiwa na watu wa fani hiyo inaitwa Quantum ESPRESSO. Naam, kinywaji kingine tena! Safari hii ni kahawa, na kwa mtu wa pwani aliyelelewa na kahawa chungu ya barazani, jina hilo halihitaji maelezo.

Kwa kuwa klasta huendeshwa kwa mbali, aliyeko Eldoret au Morogoro akiwa na akaunti na intaneti huandika amri zilezile anazoandika aliyekaa hatua chache kutoka PDC. Mashine haijui umekaa wapi.

19. Akiba haiozi

Turudi kwa BESK na vituo vyake. Ungedhani Dardel, yenye kasi kiasi kile, imevuka hofu ya kuanguka. Haijavuka. Klasta ina maelfu ya vipande, na kadiri vipande vinavyozidi ndivyo uwezekano wa kimoja kufa unavyozidi. Umeme hukatika, nodi huganda, muda ulioombwa huisha.

Kwa hiyo GROMACS, pasipo kuambiwa, huhifadhi hali ya kila atomi kila baada ya dakika 15: ilipo na inakokwenda, kwa tarakimu kamili, maana Lorenz alishatuonyesha gharama ya kukata. Tena haifuti akiba ya awali kabla mpya haijakaa salama, huweka mbili. Ukiiambia muda wako wa foleni ni saa 24, itajisimamisha yenyewe muda mfupi kabla, iweke akiba na kuaga. Kesho unaituma upya, nayo inaendelea kutoka hatua ileile.

Tangu dakika 5 za valvu hadi dakika 15 za Dardel, fundi wa Stockholm amekuwa akijiuliza swali moja: mashine ikianguka sasa hivi, nitapoteza kiasi gani?

Na GROMACS inapomaliza kazi, huandika muda iliotumia na kasi iliyofikia, kisha huchapisha nukuu moja ya kuchekesha au ya ajabu, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kutoka filamu, wimbo au mwanasayansi fulani. Waliobuni jina la kitu kichungu wangetabasamu.